Yai Hatumwi Dukani

Nyumba ile ilikuwa na mabinti wawili, na mmoja wao alikuwa hatumwi. Tena mkubwa, mwenye miaka ishirini na miguu yake miwili mizima, lakini hatumwi hata chumvi. Ukitaka sababu, ni hii: alipokuwa mdogo aliugua saratani ya damu, akakaa hospitali mpaka wauguzi wakamzoea kama mtoto wao, akapona. Madaktari walisema amepona. Majirani nao walisema amepona. Aliyebaki hajaamini ni mama yake mzazi.

Mdogo wake alimbandika jina la Yai, na jina likamganda. Yai asikae kwenye upepo, Yai asinyanyue ndoo. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na shule zilipokaribia kufunguliwa sebule ilijaa sare mpaka pa kukanyaga hakuna. Mdogo mtu alikata nyuzi, akapiga pasi, akapeleka nguo kwa wateja. Akirudi anatumwa tena, na akichelewa anasemwa mpaka basi. Yai alipewa vifungo, ashone akiwa ameketi, tena na mto mgongoni.

Ni kweli alichoka upesi kuliko wenzake. Dawa za utotoni zilimwachia hilo. Lakini kuchoka si kufa. Alichotamani kilikuwa kidogo hata kukisema aliona haya: alitamani kutumwa. Aitwe kwa sauti ya juu, aambiwe kimbia, na akichelewa agombezwe kama watoto wengine. Siku moja alijipa moyo akamwomba mama yake kazi ya kupeleka sare. Mama akamgusa paji la uso kwanza, kana kwamba ombi lenyewe ni dalili ya homa, kisha akamwambia apumzike, mdogo wake atakwenda.

Mama alipotoka kwenda uani, Yai akalalamika kwa mdogo wake, aliyekuwa akinyoosha marinda ya sketi kwa pasi ya mkaa. Mdogo mtu hakuinua macho.

"Unataka kutumwa?" alisema. "Mimi nilikuwa naomba niugue. Mama alipokuwa hospitali na wewe, mimi niliachwa kwa shangazi. Kila nikilala naomba, hata homa tu, ili na mimi nilazwe mapajani."

Miaka yote Yai alijua kwamba yeye ndiye aliyeteseka. Hakujua kwamba kuna mtu aliyemwonea wivu.

Mdogo mtu naye, kwa kutoa maneno aliyoyafungia muda mrefu, alisahau mkono, na pasi ikampitia nyuma ya kiganja. Hakulia. Aliuma midomo, akaufunga mkono kwa kipande cha kitambaa, akaishika pasi kwa mkono wa pili na kuendelea na marinda. Ndivyo alivyozoea, kama mtu asiye na wa kumwambia. Hilo lilimuuma Yai kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa.

"Mama," akaita, "njoo umtazame mwanao. Si mimi. Huyu."

Mama aliingia na utepe wa kupimia shingoni. Mdogo mtu akasema hamna kitu, sketi zinasubiriwa. Yai akakifungua kitambaa mwenyewe. Ngozi ilikuwa imebabuka. Mama alikaa chini palepale, juu ya sare za watu, akauchovya ule mkono kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo, akamlaza binti mapajani na miguu yake mirefu. Mdogo mtu, aliyeshindwa kulilia pasi, sasa alilia kama mtoto mchanga.

"Na wewe mbona umesimama kama mgeni?" Mama alifoka bila kuinua kichwa. "Kimbia duka la dawa, ulete dawa ya kuungua. Na usizubae njiani!"

Yai aliganda kidogo, asiamini kwamba anaambiwa yeye. Kisha akavaa ndala za mama yake, zilizomzidi, akatoka mbio.

Mlangoni aligeuka. Mama alikuwa akimpapasa mdogo wake kichwani, polepole, vile alivyompapasa yeye zamani kichwa chake kilipokuwa hakina unywele. Mapaja yale Yai aliyajua kuliko kitanda chochote. Sasa yalikuwa na mwingine, na palepale aliyatamani. Alitaka kurudi, akae hata pembeni. Lakini alikuwa ametumwa.