Kisanduku cha Katikati

Lifti ya jengo lile ilitengenezwa kubeba watu sita. Wapangaji walijipakia kama magunia, saba, wanane, na wa mwisho akisukuma kwa nyonga ili mlango ufungwe. Ikikwama, aliyetukanwa ni msimamizi wa jengo, mwanamume mwembamba aliyeshazoea kuitwa Mkwamo hata na mkewe. Sasa mama mwenye jengo alikuwa amempa neno la mwisho: ikikwama tena, atafute kazi kwingine.

Mkwamo akaandika tangazo. Akaandika ONYO, akaandika TAFADHALI, akapiga mstari chini yake mpaka karatasi ikatoboka. Watu wakaliegemea.

"Shemeji, hili si tangazo, ni risala," alisema mdogo wa mkewe, mchora vibonzo ambaye magazeti mawili yalikuwa yamemfia mikononi na bado alicheka kama aliyerithi. "Mtu kabeba viazi, anachelewa, wewe unamsomea aya tatu!"

"Basi chora wewe, mdomo."

"Nachora. Chai juu yako."

Ndani ya lifti akachora visanduku vinne vilivyofuatana: watu wanajibana, lifti inatoa ulimi, lifti inazimia, na mwisho giza tupu lenye macho, na puto la maneno: "Nani kala vitunguu?"

Jengo zima likavunjika mbavu. Tabu ni kwamba kila mtu alitaka kuiona picha ile. Fundi cherehani wa ghorofa ya tano akaleta mawifi zake. Wakapanda, wakashuka, wakapanda tena, wamebanana kama picha yenyewe, hadi lifti ikaguna na kusimama kati ya ghorofa mbili. Mkwamo alizungusha gurudumu la dharura hadi mikono ikafa ganzi. Walipotoka, wifi mmoja akauliza, "Kesho mnaongeza nyingine?"

"Umeniua, shemeji," alisema Mkwamo, amekaa chini, jasho linamtiririka.

 Mchoraji alikuwa anautazama mlango wa lifti, mabati mawili yanayokutana katikati na kuachana. Akaanza kucheka peke yake.

"Nimesema mno, kama wewe tu! Sikiliza. Kati ya kisanduku na kisanduku kuna upenyo. Pale mimi sichori kitu, msomaji anamalizia mwenyewe kichwani. Sasa tazama upenyo wako huu ulivyonona!"

Akafuta picha za ndani. Kwenye bati la kushoto la mlango, upande wa nje, akachora watu wanajazana, wa mwisho akisukuma kwa nyonga. Kwenye la kulia, watu walewale wamekaa sakafuni, ndevu zimefika magotini, mmoja kazisuka. Hakuandika hata neno.

Rangi haijakauka sawasawa, mama mwenye jengo akaingia, mwili mkubwa, mkoba mkubwa zaidi. Mkwamo akashika ukuta.

"Nasikia ilikwama."

"Ilikwama, mama."

"Na haya nini?" Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mbona katikati hamna picha? Hawa wamefikaje kwenye ndevu?"

Kabla hajajibiwa, mabati yakaachana. Picha zikasogea pembeni, na katikati wakatokea watu sita wazima, bega kwa bega, wanamkodolea macho. Mama, kwa mazoea, akatanguliza nyonga.

 Fundi cherehani akasema kutoka ndani kwa adabu zote, "Karibu, mama. Ndevu tutakusuka sisi."

Mama akaganda, mguu mmoja ndani. Akaitazama nyonga yake. Kicheko kikamwanzia tumboni, kikatikisa mkoba, kikamrudisha nyuma. "Nimeingia kwenye picha, jamani! Kwa miguu yangu mwenyewe!"

Mlango ukafungwa, lifti ikapanda bila hata kuguna. Yeye akashika ngazi.

Mkwamo alibaki hajui kama ana kazi au hana. Akamsikia akihema ghorofa ya kwanza, akihema ya pili. Halafu sauti ikateremka:

"Msimamizi!"

"Naam, mama!"

"Mwambie shemeji yako achore na huku kwenye ngazi, mtu ajue atafia ghorofa ya ngapi! Na wewe kesho uwahi kazini umshikie kopo la rangi!"