Kamba ya Nyuma

Saa tatu na dakika kumi asubuhi kivuko cha watalii kilifika kisiwa cha nne, kama ratiba ilivyosema. Fundo, mwanamke aliyefunga na kufungua kamba za kivuko hicho kwa miaka kumi na mmoja, alirusha kamba ya mbele na ya nyuma, akazifunga kwenye nguzo za gati. Abiria hawakuruhusiwa kushuka. Walipiga picha kwa dakika ishirini huku kipaza sauti kikiwaeleza kwamba kisiwa hicho hakijawahi kukaliwa na watu.

Fundo alizaliwa hapo, nyumba ya tatu kutoka gatini. Wakazi walihamishwa ili mandhari ipendeze, wakakatazwa kurudi hata kwa matembezi. Mama yake sasa aliishi katika chumba cha ghorofani nyuma ya bandari, na kila jioni swali lilikuwa lile lile: mlango wake wa buluu ungalipo? Siku hiyo Fundo aliutazama mlango mpaka honi ikalia. Akafungua kamba ya mbele. Ya nyuma akaisahau.

Kivuko kikaondoka na kisiwa.

Nahodha aliona mashine inavuta kwa shida, akachungulia nyuma, akaongeza nguvu. Abiria walihamia upande ule wenye kisiwa, maana mwanga ulikuwa mzuri. Walifika bandarini wamechelewa dakika arobaini.

“Fundo, umetuletea nini?” aliuliza msimamizi wa bandari.

“Kamba ya nyuma, bosi. Nimepitiwa.”

Msimamizi akapekua kitabu cha kanuni. Kilikataza wakazi kwenda kisiwani. Kuhusu kisiwa kuwajia wakazi, hakikuwa na neno. Akaandika “kuchelewa” na kuagiza kisiwa kirudishwe saa kumi.

Mama alishuka ngazi kidato kimoja kimoja, ufagio kwapani. Majirani wa zamani walimfuata na masufuria yao, na kabla hawajavuka gati walikuwa wameshaanza kubishana nani alihama na pasi ya mkaa ya nani. Mlango wa buluu ulikuwepo. Mama akaufungua kwa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni, akafagia, akafua mapazia na shuka, akaanika. Kisha akamgeukia binti yake.

“Umechelewa, mwanangu.”

“Kilikuwa kizito, mama.”

“Wewe ukitumwa hukosi sababu.” Akacheka mpaka akakaa kizingitini.

Tangu hapo Fundo husahau kamba ya nyuma kila Ijumaa. Abiria wameipenda safari hiyo kuliko zote, na kampuni imeiingiza kwenye ratiba. Kanuni haijaguswa. Ikifika saa kumi wakazi hushuka, bado wanabishana kuhusu pasi, masufuria yakiwa moto mikononi, na Mama hufunga mlango wa mwisho. Nguo huziacha kambani zikauke. Jumamosi asubuhi watalii huzipiga picha moja baada ya nyingine, huku kipaza sauti kikiwaeleza kwamba kisiwa hicho hakijawahi kukaliwa na watu.