Foleni Nzito ya Malaba

Saa saba mchana Benedetta alimpandishia mumewe chakula kwenye kebini, ugali wa wimbi na kunde, ungali moto. Okurut, dereva wa lori la nondo, alinawa, lakini kabla ya kumega tonge alimtazama mkewe usoni. Alikuwa na mvi. Jana hazikuwepo.

"Nyumbani aje?"

"Tuko sawa. Ajiko ameingia sekondari."

Majuzi tu Ajiko alikuwa akibebwa mgongoni.

Foleni ilianzia mpakani Malaba ikapita Amagoro, saruji na chuma mpaka macho yachoke, na uzito ukizidi huchelewesha wakati. Mwalimu Paulinus wa fizikia aliwaeleza madereva hivyo alipopita: nguvu ileile inayovuta jiwe chini huvuta na saa, ndiyo maana saa ya bondeni hubaki nyuma ya ile ya mlimani, ila kwa chembe isiyoonekana. Hapa uzito ulikuwa umerundikana kupita kiasi, basi ikaonekana. Madereva wakamshukuru, wakamwuliza matokeo ya mpira.

Kwa hiyo Benedetta alikuja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, na kwa Okurut huo ndio ukawa mlo wa kila mchana. Kwao Amukura hapakuwa mbali, boda tu. Lakini foleni ikisogea nawe hupo, wa nyuma anakupita, unaenda kujipanga mkiani, na tajiri anakufuta kazi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kuhusu asiyeenda kabisa hawakusema kitu.

"Boss, vumilia," Makokha, wakala wa forodha, alimwambia kila asubuhi. "System iko down. Kesho tu unavuka."

"Twende nyumbani," Benedetta alisema.

"Nikivuka kesho, narudi."

"Kesho yako ni ndefu, baba Ajiko."

Hakukaa. Angezubaa barabarani kidogo, nyumbani mahindi ya msimu ujao yangeoza shambani.

Okurut aliogopa. Mvi zilifuatwa na makunyanzi, makunyanzi yakafuatwa na fimbo, na ikikaribia saa saba hofu ilizidi. Hakuogopa njaa. Aliogopa atakayeleta chakula.

Mchana mmoja mama mwenye miwani alipanda kebini taratibu, akishikilia goti. Okurut akampisha kwa heshima anayopewa aliyekuzidi umri.

"Karibu, mama. Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba. Ni mimi Ajiko." Akafunua bakuli. "Mama tulimzika kabla ya mavuno. Alisema usikose kula."

Okurut alitaka kushuka. Alishika mlango kabisa. Nyuma honi zikaanza kulia. Lori la mbele lilikuwa limesogea kidogo. Akaachia mlango.

"Shika bakuli, mwanangu," akamwambia yule mama, akawasha injini asije akapitwa.