Hirizi ya Hind

Mwaka ule wa 1964, wengi waliokimbia Unguja walishuka Maskati na nguo za mwilini tu. Masouda alishuka na mama mkwe wake na mwanawe Hind, na mkononi mwa mtoto hirizi ya ngozi nyeusi. Askari hupekua kila kitu, lakini nani atapasua hirizi? Ndani yake, badala ya aya, zilishonewa sarafu sita za dhahabu za Kijerumani, urithi wa mumewe Aflah, ambaye babu yake aliwauzia Wajerumani karafuu. Nyingine zilikuwa na uso wa mfalme wa Prussia, nyingine wa Bavaria. Ya Hamburg haikuwa na mfalme: ngome tu ya minara mitatu, na lango limefungwa.

Aflah alibaki Unguja, kajificha darini kwa rafiki. Masouda alifumua mshono, akaitoa ile ya ngome, akamwonyesha Sleyum, nahodha wa jahazi katika bandari ya Matrah.

"Dhahabu kweli," Sleyum alisema akiigeuza. "Niletee na wenzake Ijumaa kabla ya sala, nimfuate mumeo. Ikipita Ijumaa, usinitafute. Huko wanapekua nyumba kwa nyumba."

Masouda aliifunga ile moja kwenye pindo la kanga, tano akazishonea tena ndani ya hirizi. Hakumwambia hata mama mkwe, Bi Nasriya. Bibi wa watu ana mapenzi, lakini kifua hana.

Alhamisi Hind alishikwa na homa. Ijumaa karibu na adhuhuri, Masouda aliporudi kisimani, alimkuta anacheka, mkono mtupu.

"Mama, hirizi iko wapi?" alimwuliza mkwewe.

"N'shaitupa baharini, kule penye kina." Bi Nasriya alikuwa na furaha tele. "Mtoto keshapona, ya nini tena? Ada yetu, hirizi ikimaliza kazi hurejeshwa majini na maradhi yake. Na ilivyokuwa nzito! Nikasema, Subhanallah, homa yote imeingia humu!"

Ndoo ilimponyoka Masouda, maji yakatapakaa.

"Mbona umesawijika? Ntamwandikishia nyengine."

Msikitini adhana ya Ijumaa ilianza. Masouda alilishika pindo la kanga, akaipapasa ile ngome kwa kidole gumba.

Bi Nasriya alimpakata mjukuu wake. "Nna yakini mwanangu Aflah yu njiani. Nimemwombea pale pale, nilipokuwa naitupa."

Masouda alitaka kusema. Akautazama uso ule wa mama, umejaa matumaini.

"Amin," akasema.