Vipimo vya Ulaghai

Fundi cherehani alitoka mbele ya hakimu kwa hasira, nusura aupige teke mlango wa watu. Hebu fikiria! Nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, chumba cha mbele ndiko kazini kwao, leo shemeji mtu anaibuka na hati kwamba marehemu alimwandikia yeye nyumba hiyo. Na hakimu, badala ya kumfukuza mwizi, kamgeukia mjane: madai yako ya ulaghai hayana maelezo. Siku kumi na nne uyarekebishe, la sivyo nayafuta.

"Hayana maelezo!" alimfokea karani wa masjala, akibwaga karatasi kwenye kaunta. "Kurasa sita! Nimeandikiwa na mwandishi wa barua hapo nje. Soma mwenyewe!"

Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasoma bila haraka. "'Mdaiwa ni laghai mkubwa, laghai aliyekubuhu, laghai asiye na haya mbele ya Mungu wala watu.' Dada yangu, haya ni matusi. Yamepangwa vizuri, lakini ni matusi."

"Kwani ni uongo?"

"Mimi sijui, na hakimu hajui. Yako madai unayoweza kuyagusia tu. Ulaghai, hapana. Kanuni inataka useme nani kafanya nini, lini, wapi. Mwenzako atajibu nini kwenye neno laghai? Atasema si mimi, basi."

"Loo! Niibiwe mimi, na mtihani nifanye mimi!"

"Wewe si fundi? Mteja akikwambia nishonee gauni zuri, zuri ajabu, zuri kupindukia, utakata kitambaa?"

"Nikate nini bila vipimo?"

"Haya. Kalete vipimo." Karani akagonga kidole kwenye nakala ya hati ya shemeji. "Na hii umeisoma?"

Fundi akaivuta kwake. Hakuwa ameisoma. Hasira zilimzuia hata kuishika, na yule mwandishi, Mungu amwone, alimhakikishia kwamba maneno mazito yanatosha.

Akaisoma palepale, amesimama. Hati ilisema marehemu aliitia saini kwa mkono wake, tarehe tisa ya mwezi wa tatu mwaka juzi, saa nne asubuhi, ofisini kwa wakili fulani katika mji ulio mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Shemeji akiwa hapo hapo, ameketi, anashuhudia.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu! Alirudi nyumbani mbio mbio, hata salamu za jirani hakuitikia, akavuta daftari la vipimo chini ya cherehani. Yeye na mumewe hawakupima mtu bila kuandika tarehe, nani kapima, na mteja kutia saini chini. Si kwa kupenda. Watu hunenepa, halafu wanakuja juu kwamba fundi kawaibia kitambaa.

Tarehe tisa ilikuwepo. Suti ya kijivu, vifungo viwili. Kifua, kiuno, mkono, mguu. "Nimempima mimi asubuhi, baba watoto mkono wa kulia una plasta." Na chini yake, kwa madaha yote, saini ya shemeji.

"Mshenzi huyu!" alisema kwa sauti, peke yake chumbani. "Nilimzungushia futi kiunoni, nikampa na chai!" Akalia kidogo, kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja na kuanza kuandika mwenyewe. Ukurasa mmoja, na hati ya hospitali ya mkono wa mumewe uliovunjika akaiambatisha. Neno laghai alilitumia mara moja tu.

Siku ya kesi, wakili wa shemeji alisimama kifua mbele, akasema madai bado ni ya jumla jumla. Hakimu akamwambia aketi, akasoma kwa sauti: tarehe, saa, mji, plasta, hati ya hospitali, suti. Akaliomba daftari, akaitazama saini ile, kisha akamtazama mdaiwa.

Mdaiwa alikuwa ameivaa. Suti yenyewe, ya kijivu, vifungo viwili, na mikono yake ilikuwa inahangaika kuifunga juu ya kitambi. Masjala nzima baadaye ilicheka mpaka basi, lakini fundi hakucheka. Alikuwa anakumbuka mkono wa mumewe ndani ya plasta, na huyu ndugu yake wa tumbo moja akiutazama huku akipimwa.

Hakimu alisema madai yamekamilika, kesi itasikilizwa, na nyumba isiguswe na mtu.

Koridoni shemeji alimfuata, jasho likimtoka, sauti ameishusha. "Shemeji, haya ni mambo ya familia. Kwa nini tuaibishane mbele za watu? Twende tukayamalize nyumbani."

Fundi akalikumbatia daftari lake.

"Nyumbani kwa nani?"