Koki Mbili Zimefungwa

Fundi bomba alilala kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, roho mkononi. Mara mbili walishamrudisha nyumbani kwa sababu presha yake ilikuwa juu, na nyonga iliyosagika ikamrudisha kwenye fimbo ya kutembelea. Safari hii aliapa hawamrudishi. Asubuhi, mkewe alipotoka kutafuta blanketi, yeye alimeza vidonge viwili vya kushusha presha alivyomwibia mama mkwe, vikavu vikavu, bila tone la maji.

Daktari wa usingizi akaja, mama mfupi mwenye kofia ya kijani.

"Mzee, moyo wako umechoka. Damu ikimwagika nyingi hautaweza. Kwa hiyo ukishalala nitaishusha presha kidogo, makusudi, kidonda kisivuje sana."

"Presha ikishuka, ghorofa ya juu hawapati maji," alisema fundi, akigusa kichwa.

Daktari akacheka. "Watapata. Nashusha polepole, mkono wangu hautoki kwenye koki. Umemeza dawa yoyote leo ambayo hatukukupa?"

"Huyu?" akadakia mkewe, aliyekuwa amerudi na blanketi. "Hata mate anameza kwa kubembelezwa!"

Wanawake wakacheka. Yeye akavuta blanketi hadi kidevuni.

Akasukumwa ndani. Baridi, taa kubwa juu ya uso, nyaya kifuani. Akisema, atarudishwa, apande tena ngazi za wateja kwa makalio. Asiposema? Aliwahi kuona pampu ikiungua. Yeye alifunga koki huku, mwenzake akafunga kule, hakuna aliyemwambia mwenziwe. Pampu ilinguruma kidogo, ikatoa moshi, basi.

Barakoa ya hewa ikamshukia puani. Akaisukuma kwa kiganja.

"Daktari, mimi nimeshafunga koki nyingine."

"Unasemaje?"

"Nimemeza vidonge vya presha vya mama mkwe. Viwili."

Hakuna aliyecheka. Na kabla daktari hajajibu, mashine ikaanza kulia. Namba zilikuwa zinashuka zenyewe, bila mtu kugusa kitu. Taa ikasogea mbali, mbali sana.

"Inua miguu! Fungulia dripu yote!"

Alitaka kusema mwiteni mke wangu. Ulimi haukunyanyuka.

Alipopata fahamu, daktari alikuwa ameketi kando yake, vidole kwenye kifundo cha mkono wake.

"Ningeishusha presha juu ya vidonge hivyo, baba, ningekuua kwa mkono wangu, na nisingejua kwa nini."

"Na nyonga?"

"Nyonga itasubiri."

Wodini mkewe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, fimbo mkononi, na fundi akadhani leo itamshukia.

"Ungekufa, ningemwambia nini mama? Kwamba mkwe wake mwizi wa vidonge?" Akailaza fimbo kando ya mumewe taratibu.

Fundi akamshika mkono, na fimbo akaivuta karibu.