Nyumba Isiyo na Pazia

Katika mji mzima wa Kanazawa, huko Japani, hakuna aliyeteseka ndani ya nyumba nzuri kama Isogai Hatsuo, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Maisha yake yote aliuza mchuzi wa soya. Alipostaafu akaona ni aibu kufa bila kuacha kitu cha kutazamwa, basi akamwita Mwalimu Kurahashi, msanifu majengo aliyekuwa akisifiwa magazetini, akamwambia ajenge atakavyo. Hilo kosa la kwanza. Kosa la pili, kila alipoonyeshwa mchoro alisema, "Vizuri sana." Kumwambia mwalimu mbele ya wasaidizi wake kwamba hujaelewa kitu ni kumvunjia heshima, na Isogai hakuwahi kumvunjia mtu heshima isipokuwa mkewe.

Ikajengwa. Kuta za zege tupu, na upande wa bondeni kioo kitupu kuanzia sakafuni hadi darini. Mapazia marufuku. Marufuku pia ile meza fupi yenye hita chini yake na blanketi la kufunika miguu, ambapo mkewe Sumie alikuwa habanduki tangu theluji ianze mpaka plamu zichanue. Mwalimu alisema meza ile inakata mstari wa sakafu. Isogai hakujua kama sakafu ina mstari, lakini alisema vizuri sana.

Nyumba ikapata tuzo, wasafiri wakaanza kumiminika. Wakishamaliza makumbusho ya mjini, wanapanda kilima kuja kumpiga picha Isogai akinywa chai. Alivikwa kilemba cha ukoka naye akakipokea kwa mikono miwili. Kila Jumamosi alivaa fulana nyeusi ya shingo ndefu kama ya Mwalimu, ingawa shingo yenyewe hakuwa nayo.

Sumie alivumilia. Alipika akiwa na koti, akabadili nguo bafuni ili bonde zima lisimwone.

"Mzee, nyumba hii ina baridi."

"Utazoea, mama."

"Mbona wewe midomo imekuwa ya buluu?"

"Huo ni mwanga wa zege."

Majira ya pili ya baridi yalipoingia, Sumie alifunga begi. "Naenda Toyama kwa dada Tomie," akasema, akivaa viatu mlangoni. "Siku utakaposema kwa mdomo wako kwamba humu kuna baridi, nitarudi. Sitaki maua, sitaki uniombe radhi. Neno hilo tu."

Neno moja, jamani, na lilimshinda. Alilisema peke yake akinyoa ndevu, akalisema akichemsha supu. Lakini Sumie akipiga simu, lilimkwama kooni kama mochi, ule mkate wa mchele unaonata wa mwaka mpya, akajikuta anaeleza jinsi theluji inavyopendeza kupitia kioo. "Haya, endelea kuitazama," Sumie alimjibu siku moja, akakata simu. Isogai alibaki ameshika simu na kujiuliza ni mjinga wa aina gani anayeshindana na mkewe juu ya hali ya hewa.

Wageni wakiuliza mama mwenye nyumba yuko wapi, alisema kaenda sokoni mara moja. Mmoja aliyekuja mara ya pili akauliza kama soko lenyewe liko Tokyo.

Mahali pekee penye ukuta wa mbao palikuwa kabati la ukutani la kuhifadhia magodoro, ambalo Mwalimu aliliacha kwa heshima ya wazee. Isogai akahamia humo. Alitandika rafu ya chini, akaingiza redio, machungwa, blanketi la ile meza, na mto wa Sumie wa maganda ya ngano nyeusi, kwa sababu bila mto ule usingizi haukuja. "Karibu ikulu, bwana mkubwa," alijiambia kila alipoingia humo kwa magoti.

Jumamosi moja ya theluji nzito alidhani wageni hawatapanda kilima. Baada ya kifungua kinywa akarudi kabatini kupasha miguu joto, usingizi ukamchukua. Alizinduka kwa sauti ya Mwalimu Kurahashi, ambaye alikuwa na ufunguo wake mwenyewe wa nyumba.

"Mwenye nyumba atakuwa ametoka kutembea kwenye theluji," Mwalimu alikuwa akisema. "Huyu mzee anapenda baridi ajabu. Sasa tazameni mlango huu wa kabati. Unateleza kwa kidole kimoja."

Ukateleza.

Isogai alikuwa amevaa suruali ya ndani ya sufi na koti la pamba, amekumbatia mto. Wageni wote waliinama kumsalimu, naye akainama akiwa amelala. Kijana mmoja wa Milan alidhani ni sehemu ya maonyesho, akampiga picha.

Mwalimu aliguna. "Bwana Isogai anachunguza uhusiano wa mwili na nafasi finyu," akasema. "Sivyo, bwana?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Alichotakiwa kusema ni ndiyo tu, na ile vizuri sana yake ilishafika ulimini. Hapo mwanamke aliyesimama nyuma, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi na barakoa usoni, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Nina swali kwa mwenye nyumba. Humu ndani hamna baridi?"

Sauti ile Isogai angeitambua hata akiwa kaburini. Alimtazama Mwalimu, akatazama wageni, akaona heshima yake yote imebaki kwenye suruali ya ndani. Akaogopa kwamba mwanamke huyu akitoka leo hatarudi tena.

"Kuna baridi," akasema. "Ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nalala kabatini, mama, na miguu bado haijapata joto. Mimi ni mjinga."

Wageni waliinamisha macho wakautazama mstari wa sakafu. Sumie akavua barakoa.

"Nilitaka neno moja," akasema. "Hayo mengine umejiongezea mwenyewe. Vaa suruali, uje ushike hapa."

Kutoka mkobani alitoa utepe wa kupimia, ule wa dukani kwao.

"Mama, hicho cha nini?" Mwalimu akauliza.

"Mapazia, Mwalimu. Mazito."

Mwalimu akavuta pumzi kupitia meno, akamgeukia Isogai amsaidie. Isogai alikuwa anahangaika na mguu wa suruali. "Vizuri sana," akasema, akaenda kushika ncha ya utepe.

Kioo kilikuwa kirefu, utepe ukalegea katikati, yule kijana wa Milan akausogelea akaushika bila kuambiwa.

"Ulijuaje kwamba nitasema?" Isogai akamnong'oneza mkewe.

"Sikujua." Sumie alifungua mkoba akamwonyesha tiketi ya treni ya kurudi Toyama, ya saa nane. "Nilikuja na vyote viwili. Vuta vizuri, utepe umepinda."